Kiingereza Kilichofichwa Kilindoni

Msalato, Desemba 2, 1915

Nimeligeuza daftari la mahudhurio ya shule, nami naandikia nyuma. Mbele yamo majina ya watoto thelathini na wanne, na kati yao kumi na wawili tu ndio wanaofika tangu vita vikolee. Askari akilifungua ataona majina, atapiga miayo na kulifunga. Wanaoanza kitabu kwa nyuma ni wasomaji wa Kiarabu, na Akida wetu siku hizi anajivunia herufi za Kizungu.

Mimi ni Yotham, mwalimu wa shule ya misheni. Padri wetu Mwingereza alichukuliwa na Wajerumani mwezi wa tano, wakampandisha gari moshi kwenda Tabora kufungwa pamoja na Waingereza wenzake. Usiku wa kuamkia siku hiyo alinipa daftari dogo alilolijaza kwa mkono wake mwenyewe: maneno hamsini ya Kiingereza, na maana zake kwa Kiswahili. "Nikirudi nitakuuliza yote hamsini," alisema. "Ukiyajua, utakuwa mkuu wa shule zetu zote za huku."

Alisema Mwingereza wa kweli hajulikani kwa maneno marefu ya vitabuni. Anajulikana kwa maneno mafupi ya jikoni na njiani. Huchukua kitenzi kidogo, akakifunga mkia, na maana yote ikageuka. *Look* ni kutazama. *Look for* ni kutafuta. *Look after* ni kutunza. *Look down on* ni kudharau. Jicho ni lilelile moja, lakini kinachotofautisha anayekutunza na anayekudharau ni mkia tu. Mimi navipenda vitenzi hivi vyenye mkia kuliko ninavyopaswa kupenda kitu cha dunia hii.

Tatizo ni amri. Akida ametangaza kwamba mwenye karatasi yoyote ya Kiingereza aipeleke boma la Dodoma. Atakayeificha ni mtu wa Waingereza, na watu wa Waingereza hawafungwi muda mrefu, maana kamba ni fupi. Mke wangu Zipora aliniambia nilichome daftari lile. Nilimwambia nimelichoma.

Desemba 9

Mvua ya kwanza. Tumepanda uwele. Mama mkwe alikuwa shambani kabla sijavaa.

Desemba 14

Niandike habari za mama mkwe, maana tunaishi ua mmoja na hatujawahi kutazamana. Anaitwa Anyesi tangu abatizwe miaka miwili iliyopita. Ni mjane, na Zipora ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Chumba chake ki upande wa pili wa ua, mlango unatazama zizi. Maji ya ubatizo yaliosha mengi lakini desturi hayakuigusa. Nikitokea yeye hugeuka na kujifunika uso. Mimi nikimwona njiani naingia porini. Hali mbele yangu, nami sili mbele yake. Kwa miaka saba hajalitamka jina langu hata mara moja, kwa sababu kwetu jina la mkwe halitamkwi, nami najifanya sijui kwamba ananitaja kama "yule mwenye mbuzi wachache."

Kilindo chake ni gome la mti lililoshonwa duara, kinanifika kifuani, kimefunikwa na kuzibwa kwa samadi. Humo mna uwele wa kula na mbegu za mwaka ujao. Mwanamume kwetu hachungulii kilindo cha mkewe. Cha mkwewe, hata kukiota ndotoni ni aibu.

Desemba 21

*Run out of*: kuishiwa. Tumeishiwa chumvi. Tumeishiwa sabuni. Mjerumani ameishiwa wapagazi, kwa hiyo jana wamemchukua jirani yetu Yoramu akiwa na jembe mkononi. Nimelijua neno hili vizuri sana.

Desemba 25

Niliongoza ibada peke yangu. Watu tisa na mbwa mmoja.

Januari 12, 1916

Hakuna mvua siku kumi na nane. *Put up with*: kuvumilia. Mikia miwili, ndiyo maana ni zito. Zipora ananiuliza kwa nini midomo yangu inacheza wakati wa kulima. Nikamwambia naomba Mungu. Akasema, "Basi omba kwa sauti, Baba Loisi, na sisi tuitikie."

Januari 30

*Do without*: kuishi bila. Uwele umekauka ncha. Tunapanda tena.

Februari 3

Mvua siku ya tatu mfululizo. Kila mtu anashangilia isipokuwa mimi. Dari ya tembe ni udongo juu ya miti, na udongo ukishiba maji huyaachia. Daftari la padri nilikuwa nimelichomeka darini juu ya kitanda. Asubuhi nimelikuta jalada limevimba, na ukurasa wa kwanza wino umeanza kutembea.

Nimefikiri siku nzima mahali pa kuliweka. Ardhini kuna mchwa. Shuleni askari wamelala mara mbili. Kanisani walikwisha kupekua hadi chini ya meza ya Bwana. Katika tembe wakati wa masika kuna mahali pamoja tu pakavu, napo ni tumbo la kilindo, katikati ya nafaka. Kilindo cha Zipora hakifai, maana daftari lile kwake ni majivu.

Februari 4

Nimefanya. Mama mkwe alikwenda kupalilia, Zipora alikuwa kisimani na watoto. Niliingia chumbani kwake kinyumenyume kama mwizi, nikabandua ukingo wa mfuniko, nikazamisha mkono hadi begani na kulisukuma daftari chini kadiri nilivyofika. Kisha nikaziba kwa samadi mbichi, nikanawa mikono mara tatu nyuma ya zizi.

Lakini nimefurahi, lazima niseme kweli. Mjerumani atapekua kila kitu, ila kilindo cha mama mkwe hakuna mtu atakayekigusa. Hayo ndiyo ninayojiambia. Mtu aliyesoma kama mimi! Naamini aibu yetu itamzuia hata Mzungu.

Maneno arobaini ninayo kichwani. Kurasa mbili za mwisho, maneno kumi, bado sijazisoma.

Februari 19

Njaa imeanza. Jioni nimemuuliza Zipora, kama mtu asiye na haja, "Kilindo cha mama kina hali gani?" Akasema mkono wa mama unazama hadi kiwikoni kabla haujagusa nafaka.

Februari 27

*Get by*: kujikimu kwa shida. Ugali mara moja, mlenda mara mbili. Mkono wa mama mkwe unazama hadi juu ya kiwiko.

Machi 8

Hadi kwapani.

Machi 11

Nimejaribu kuingia tena nilitoe. Mama mkwe hakwenda shambani, ana homa. Nilizunguka ua mara nne kama fisi. Zipora akanitazama akasema, "Umepoteza nini?"

*Look for*: kutafuta. Nikachukua jembe nikatoka.

Machi 16

Amelikuta.

Zipora alirudi kutoka chumbani kwa mama yake, akaketi, akasema, "Mama anasema hivi: kile kitu cha mkwe amekiona. Asiwe na wasiwasi, amekihifadhi." Halafu akanitazama. "Kitu gani, Baba Loisi?"

Nikasema ni Injili yangu. Nikasema mvua ilikuwa inailowesha, nikamwomba mtoto akaiweke kwa bibi yake. Uongo wa pili huja kwa miguu yake, hauhitaji kuitwa.

Zipora akaenda kumweleza mama yake, akakawia, akarudi. "Ungeniambia mimi," akasema. "Mama ameona haya sana kusikia mkono wako umekaribia chakula chake. Lakini amesema Neno la Mungu lisiliwe na wadudu. Amelipaka majivu, akalivika ngozi ya yule mwanambuzi aliyekufa, akaliweka tena mahali pake."

Nilipaswa kumwambia aniletee. Neno hilo moja tu. Lakini angeniletea, Zipora angeona si Injili. Tena niseme yote: niliwaza kwamba sasa liko pakavu kuliko mwanzo, na padri akirudi atalikuta zima. *Look after*: kutunza. Mama yule hajui hata a, lakini analitunza kuliko mimi.

Machi 29

Mahindi mabichi machache. Loisi amekula hadi akalala amekaa.

Aprili 20

Tangu jana watu wa Kondoa wanapita na mizigo vichwani. Wanasema Waingereza wameingia Kondoa na mizinga. Usiku moyo wangu uliruka, nikarudia maneno yangu arobaini yote bila kukosea. Nilijiona tayari nimesimama mbele ya afisa, namfasiria, watu wote wananitazama.

Aprili 24, Jumatatu ya Pasaka

Naandika yote, hata mkono ukikataa.

Jana nilisimama kanisani nikawasomea watu habari za Petro, alivyomkana Bwana wake kabla jogoo hajawika. Nikawaeleza jinsi alivyokuwa dhaifu. Nilieleza vizuri, wanawake wawili walilia.

Leo asubuhi wamekuja askari sita na Akida Mbwana. Wanataka chakula cha jeshi linalorudi nyuma kutoka Kondoa. Akida Mbwana ni mtu wa kanzu safi na sauti ya chini. Si mkatili, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Alisimama katikati ya ua wetu akasema kila kilindo kitamwagwa hadharani, na nusu ya kitakachoonekana itakwenda.

Cha Zipora kilimwagwa kwanza. Kilitoa vibuyu viwili. Kisha askari wawili wakaingia kwa mama mkwe. Alisimama mlangoni akanyoosha mikono, akasema kwa Kigogo kwamba hicho ni chakula na mbegu za mjane. Wakamsogeza. Wakakitoa kilindo, wakakipindua juu ya ngozi ya ng'ombe. Nafaka ilianguka kidogo sana, na mwisho kabisa kikaanguka kifurushi cha ngozi ya mbuzi, kimefungwa kwa uzi wa kamba ya mbuyu, mafundo matatu.

Akida akakifungua mwenyewe. Alipukuta majivu. Alifungua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Akasoma kimya midomo ikicheza, kama mimi shambani.

"Hiki ni Kiingereza," akasema. "Kilindo hiki ni cha nani?"

"Changu," mama mkwe akasema.

"Bibi, unajua kusoma?"

"Sijui."

"Basi hiki kitu si chako. Nani amekiweka humu?"

Akageuza kichwa. Mtu asiyejua kwetu angedhani ni ukaidi. Alikuwa amejifunika uso, maana mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi tu. Mimi peke yangu ndiye mwanamume aliyesimama uani mbali na askari.

"Bibi," Akida akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, "kilifungwa vizuri. Majivu, ngozi, mafundo matatu. Huwezi kuniambia hukujua kuwa kimo humu. Nitajie jina moja tu, nikuache ukapike. Jina moja."

Akasema, "Jina lake halitamkwi na mimi."

Watu walikuwa wamejaa ukingoni mwa ua. Hakuna Mgogo asiyejua ni jina la nani ambalo mwanamke mzima hawezi kulitamka. Wote wakanitazama. Hakuna aliyefungua kinywa, wala sidhani walikuwa wananilinda mimi. Walikuwa wananingoja.

Akida naye si mjinga. Alinijia, akaninyooshea daftari. "Mwalimu, wewe ndiye msomaji wa hapa. Unakijua kitu hiki?"

Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa wa mwisho, ule nisiousoma. Nilitazama mwandiko wa padri. Nilimtazama askari mwenye kamba kiunoni.

"Sikijui," nikasema.

"Hukijui."

"Sijawahi kukiona."

Nadhani kama ningeitikia kwa kichwa tu angeelewa. Kisha akakunja daftari akasema, "Bwana wa boma anataka mtu mmoja kwa karatasi hii. Sina la kufanya. Bibi, njoo."

Mama mkwe alichukua kaniki yake, akajifunga vizuri. Alipopita mbele yangu alikwepa upande, uso umefunikwa, kwa adabu ileile ya miaka saba. Zipora alimfuata hadi kwenye mfereji, akarudishwa kwa kitako cha bunduki.

Aprili 25

Zipora amesema mara moja tu. Alikuwa anaokota nafaka moja moja iliyobaki vumbini.

"Uliniambia umelichoma."

"Ndiyo."

"Uliniambia ni Injili. Na mama aliamini ni Injili."

"Ndiyo."

"Jana ningekutaja. Neno lilinifika hapa." Akagusa koo. "Nikawatazama watoto. Wakikunyonga wewe, hawa nitawalisha nini? Mama naye alilijua hilo, ndiyo maana alisimama vile. Lakini wewe una miguu, Baba Loisi. Dodoma si mbali. Mimi sitakutuma. Nenda mwenyewe."

Nikasema nitakwenda kesho.

Aprili 26

Mtoto mdogo ana homa.

Aprili 27

*Put off*: kuahirisha. Neno la kumi na nne katika daftari. Padri aliweka mfano: usiahirishe hadi kesho.

Mei 2

Dodoma ni mwendo wa saa tatu. Nimeandika hivi ili nilione jambo lenyewe kwa macho.

Mei 7

Wanasema wanawake hawanyongwi, wanatwangishwa tu na kusagishwa unga wa askari. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha nimeamka nikajichukia kwa kulala vizuri.

Mei 13

Ndege wameingia kwenye uwele. Tunawafukuza tangu alfajiri hadi jua lizame, Zipora upande wa mashariki, mimi upande wa magharibi. Ndege wa shamba la mama mkwe nawafukuza mimi pia. Nilijiambia huo ni wajibu, nisipokuwepo mavuno yake yatakwisha. Mtu akitafuta sababu hakosi.

Mei 14

Nitakwenda baada ya mavuno.

Mei 21

Zipora ananipakulia chakula na kukiweka nje kizingitini. Anakiweka na kugeuka, amejifunika uso. Hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akinifanyia kwa heshima. Yeye anajua, nami najua, tofauti ilipo.

Juni 3

Tumevuna uwele wa mama mkwe. Debe saba. Zipora hataki utiwe kilindoni mwa mama yake. Ameuweka kwenye kilindo chetu, na kile cha mama amekisimamisha tena mahali pake, kitupu, mfuniko wazi.

Loisi aliniuliza kwa nini kilindo cha bibi kinapiga miayo.

Juni 9

Leo nimekwenda.

Niliondoka kabla ya jogoo, maana sikutaka kumsikia. Njiani nilikuwa na maneno yangu tayari, ya Kiswahili: lile daftari ni langu, mama hajui kitu, nifungeni mimi. Niliyarudia mara nyingi hadi yakakaa vizuri kinywani kama yale arobaini. Nilipofika Dodoma jua lilikuwa limechomoza, vumbi jekundu limetanda, askari wanapakia magunia kwenye gari moshi kwa haraka. Hakuna aliyeniuliza nataka nini.

Nyuma ya boma kuna kibanda cha kusagia. Wanawake watano walikuwa kwenye mawe. Nikasalimu. Mmoja, mtu mzima, akajibu bila kuacha kusaga. Baadaye nilijua anaitwa Sikudhani, wa Kondoa, aliyekamatwa kwa kuficha ng'ombe.

"Namtafuta bibi Anyesi wa Msalato," nikasema.

Jiwe likasimama. "Wewe ni nani wake?"

"Mkwe."

Akanitazama tangu miguuni hadi kichwani. "Yule mwalimu."

"Alikwambia?"

"Alisema ana mkwe mwalimu, atakuja. Kila siku alituambia, mkwe wangu atakuja, ana watoto wadogo na mavuno, anachelewa tu. Tulimuuliza jina lako ili tukuulizie kwa wapita njia. Akasema hawezi kulitaja, lakini tutakujua, maana huwa unatembea midomo ikicheza." Akafuta mikono. "Tumbo la kuhara, mwanangu. Lilimshika siku nne. Jumatatu asubuhi tukamzika kule, kwenye michongoma. Tulimfunika kwa kaniki yake. Mimi Muislamu, sikujua dua zenu, nikamsomea za kwetu. Usinilaumu."

Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Siku nne.

Nikamshukuru. Nikaenda kwenye michongoma, nikakaa. Kisha nikarudi mbele ya boma, na askari wa lango akaniuliza, "Unataka nini wewe?" Maneno yote niliyoyapanga yalikuwapo. Nikasema, "Sitaki kitu. Nimepotea njia."

Juni 10

*Pass away*: kufariki. Padri alisema Waingereza huliona neno la kufa kuwa kali mno, kwa hiyo wanasema mtu amepita, akaenda mbali. Nimemwambia Zipora kwa neno letu lenyewe. Hakulia mbele yangu. Alikwenda chumbani kwa mama yake akafunga mlango, nikamsikia akilia huko hadi ng'ombe waliporudi.

Juni 25

Mtama umekomaa.

Julai 8

Sina la kuandika. Nimekuja shuleni, watoto watatu. Tumeimba.

Julai 30

Waingereza wameingia Dodoma jana. Mizinga, farasi, magari. Wajerumani wameondoka na kila kinachobebeka. Nimesimama juu ya dari nikaona vumbi la Waingereza wengine kaskazini, refu kama mvua inayokuja. Miezi minane niliisubiri siku hii. Niliteremka nikaenda kufunga mbuzi.

Agosti 2

Afisa wao amefika Msalato na askari wake, kijana mwenye nywele nyekundu na ngozi iliyobabuka. Akauliza nani anajua Kiingereza. Watu wakanionyesha kwa vidole, na mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa mke wa Yoramu, ambaye mumewe hajarudi hadi leo.

Nilimjibu maneno machache. Akacheka kwa furaha, akasema hakutegemea. Aliniuliza wapi *I had picked it up*. *Pick up* ni kuokota. Kwao lugha huokotwa, bila darasa, bila gharama. Nikasema nilifundishwa na padri. Amenifanya mkalimani wake. Nimepewa kofia na nusu mkate.

Jioni nilimuuliza wanasemaje Waingereza mtu anapojitokeza na kusema kosa hili ni langu. Akafikiri, akasema: *own up*. Nilijua mara moja kwamba lilikuwa kwenye zile kurasa mbili za mwisho. Sina ushahidi, ila najua. Nimelirudia hadi nikalitamka kama yeye.

Agosti 6, Jumapili

Jeshi la Waingereza linataka nafaka. Afisa alinipa maneno niwaambie watu: *hand over*, kukabidhi, nusu ya kila kilindo. Nimekwenda naye tembe kwa tembe na kofia yangu kichwani. Watu wamenisikiliza kimya. Maneno ya Akida Mbwana yaleyale, yamebadilishwa kinywa tu.

Tumefika kwangu mchana. Zipora alisimama uani na watoto nyuma yake. Cha kwetu wakakipima, wakachukua nusu, pamoja na nusu ya debe saba za mama mkwe. Kisha afisa akaonyesha mlango wa upande wa pili.

Zipora akatangulia, akasimama kando ya kilindo cha mama yake, mkono juu ya ukingo. Afisa akachungulia ndani.

Zipora alisema kwa Kigogo, taratibu, kwa sauti ya kutosha watu wote wasikie, na alinitazama mimi usoni, uso wazi, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka:

"Mwambie hiki ni cha mama yangu, na ni kitupu. Mwambie mama alikufa kwenye mawe ya kusagia ya Wajerumani kwa ajili ya daftari la maneno yao. Na mwenye daftari ndiye huyu anayemfasiria."

Watu wote walikuwa wamejaa ukingoni mwa ua, palepale walipokuwa siku ile. Afisa akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema ni kitupu," nikamwambia kwa Kiingereza.

Alimtazama Zipora, akanitazama mimi. "Alisema maneno mengi. Ni hayo tu?"

Nikamjibu, ndiyo bwana, ni hayo tu.